Umri wa Mamlaka ya Nyumba Uhesabiwe kwa Matengenezo

Marekani ina mamlaka za nyumba za umma zaidi ya 3,000, na nyingi kati ya zile kongwe zilianzishwa katika kipindi kifupi, kuanzia mwaka 1934 hadi miaka ya mwanzo ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni zimekuwa zikitimiza miaka 75, 80 na 85 moja baada ya nyingine. Maadhimisho yake yana sura iliyozoeleka: meya anahutubia, picha za siku ya kukata utepe zinatundikwa ukutani, mpangaji wa siku nyingi anatunukiwa cheti, watoto wanagawiwa zawadi, na majirani wanaalikwa kula pamoja. Siyabezi mambo hayo hata kidogo. Taasisi iliyowapa watu wa kipato cha chini mahali pa kulala kwa miongo minane ina kila sababu ya kuwakusanya watu wake na kufurahi nao. Hoja yangu ni kwamba sherehe hizi huupima umri wa mamlaka kwa siku ya kujenga, ilhali mafanikio na maanguko yake yameamuliwa na yaliyofuata baada ya funguo kukabidhiwa: nani alilipia matengenezo, alilipa kiasi gani, na wapangaji walikuwa na sauti gani katika jambo hilo.

Tuanze na namna mamlaka hizi zilivyozaliwa. Mamlaka ya Nyumba ya Jiji la New York iliundwa mwaka 1934, wakati wa Meya Fiorello La Guardia, na majengo yake ya kwanza, First Houses, yalifunguliwa Desemba 1935. Sheria iliyoueneza mfumo huo nchi nzima ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 1 Septemba 1937, nayo hujulikana kwa majina ya walioibeba bungeni, Seneta Robert Wagner wa New York na Mbunge Henry Steagall wa Alabama. Sheria hiyo haikuifanya serikali kuu kuwa mwenye nyumba. Iliuachia kila mji, kwa idhini ya sheria za jimbo lake, kuunda mamlaka yenye bodi ambayo kwa kawaida huteuliwa na meya, na mamlaka hiyo ndiyo ingechagua viwanja, kujenga na kupangisha, huku serikali kuu ikilipa deni la ujenzi kwa mkataba wa miaka mingi. Mji nao uliisamehe mamlaka kodi ya majengo na kupokea malipo madogo badala yake. Mji ambao haukutaka nyumba za umma haukulazimishwa kuwa nazo, na miji mingi ya pembezoni yenye wakazi wenye uwezo iliamua kukaa kando. Austin, Texas, ambako mbunge kijana Lyndon Johnson aliupigania mpango huo kwa nguvu zote, ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kabisa: mamlaka yake iliundwa Desemba 1937, na majengo ya Santa Rita Courts yakafunguliwa mwaka 1939.

Kasoro iliyokuja kuzitesa mamlaka hizi ilikuwa ndani ya mgawanyo huo wa malipo. Serikali kuu ililipia kujenga, lakini gharama za kuendesha, yaani mishahara ya mafundi, mafuta ya kupashia majengo joto, umeme wa ngazi na korido, rangi, mabomba na paa, zilitakiwa zitoke kwenye kodi ya wapangaji. Mwanzoni hesabu ilikubali. Majengo yalikuwa mapya, na wapangaji wa kwanza walichaguliwa miongoni mwa familia zenye mtu mwenye ajira, kwa hiyo maskini kabisa mara nyingi hawakupata nafasi. Lakini wafanyabiashara wa nyumba, ambao waliupinga mpango huu tangu mwanzo, walifanikiwa kuingiza masharti ya kuzuia nyumba za umma zisishindane nao. Sheria ya 1937 iliweka kikomo cha gharama ya kujenga kila nyumba. Ile ya 1949, iliyotiwa saini na Rais Harry Truman na kuidhinisha nyumba 810,000, ilitaka kodi ya juu kabisa ya nyumba za umma iwe pungufu kwa asilimia 20 kuliko kodi ya chini ya nyumba zinazofaa za watu binafsi. Familia ambayo kipato chake kilipanda kupita kikomo ilitakiwa kuhama. Kwa hiyo kila mwaka uliopita, majengo yalizeeka na kuhitaji fedha zaidi, huku wapangaji wanaobaki wakiwa ni wale wenye uwezo mdogo zaidi wa kuzitoa. Meneja angeweza kuwa mwadilifu na hodari kiasi chochote, na bado hesabu hiyo isingekubali.

Mfano unaotajwa kila mara ni Pruitt-Igoe ya St. Louis, na ni vyema kuutazama kwa utulivu, kwa sababu umetumiwa vibaya. Majengo 33 yenye ghorofa 11 kila moja, jumla ya nyumba 2,870, yaliyochorwa na msanifu Minoru Yamasaki, yalianza kupokea wapangaji mwaka 1954. Miaka mitatu baadaye zaidi ya asilimia 90 ya nyumba hizo zilikuwa na watu. Gharama zilibanwa tangu kwenye michoro: lifti zilisimama katika baadhi ya ghorofa tu, hivyo wengi walilazimika kushuka au kupanda ngazi kuifikia milango yao. Wakati huohuo St. Louis yenyewe ilikuwa inakimbiwa na watu. Wakazi wake walikuwa 856,796 mwaka 1950. Kufikia 1970 walibaki 622,236, wenye kipato wakihamia pembezoni na ajira zikiwafuata. Nyumba za Pruitt-Igoe zilipoanza kubaki wazi, kodi iliyotegemewa kulipia mafundi ikapungua, mafundi wakapungua, lifti na mabomba vikaharibika bila kutengenezwa, na waliokuwa na uwezo wa kuondoka wakaondoka. Machi 1972 jengo la kwanza lilibomolewa, na kufikia 1976 hapakubaki hata moja. Picha za maghorofa yakiporomoka zilienea duniani na kuwa ushahidi wa watu wenye hoja mbili tofauti: wapo waliosema kosa ni la usanifu wa kisasa, na wapo waliosema kosa ni la wapangaji. Maelezo yote mawili yaliwafaa waliotunga bajeti, maana hakuna lililowauliza kuhusu fedha za lifti.

Wapangaji wenyewe waliiona sababu mapema kuliko wataalamu. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma za St. Louis waligoma kulipa kodi kwa takribani miezi tisa. Mamlaka, ikijaribu kuziba pengo la uendeshaji, ilikuwa imepandisha kodi hadi baadhi ya familia zikawa zinatoa zaidi ya nusu ya kipato chao kwa nyumba ambazo hazikuwa na joto wakati wa baridi. Mgomo huo ulimalizika kwa makubaliano ya kuweka kikomo cha kodi na kuwapa wapangaji nafasi katika uendeshaji. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyopewa jina la Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, ambayo yaliweka kodi ya mpangaji isizidi asilimia 25 ya kipato chake. Mwaka 1981 kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 30, nacho ndicho kinachotumika mpaka leo. Haki ya mpangaji ililindwa kwa kifungu hicho, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa sheria bora kabisa za makazi zilizowahi kutungwa nchini humo. Ila kodi ilipofungwa kwenye kipato cha mpangaji, ilibidi pengo lililobaki lijazwe na ruzuku ya serikali kuu, na ruzuku hiyo imetegemea hali ya siasa ya kila mwaka. Ipo kanuni ya kukokotoa mahitaji ya uendeshaji, na katika miaka mingi Bunge limetenga chini ya kile ambacho kanuni hiyo inadai.

Upande wa matengenezo makubwa hali ni mbaya zaidi. Utafiti uliofanywa mwaka 2010 kwa ajili ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ulikadiria kwamba matengenezo yaliyokwisha kuahirishwa katika nyumba za umma za nchi nzima yalihitaji takribani dola bilioni 26, na kwamba kila mwaka mahitaji mapya ya dola bilioni 3.4 yangeongezeka juu ya hayo. Katika miaka mingi ya muongo uliofuata, mfuko wa matengenezo makubwa ulipewa chini ya dola bilioni 2 kwa mwaka. Mtu hahitaji kuwa mhasibu kuona kwamba kwa mgawo huo deni haliwezi kusimama, sembuse kupungua. New York pekee, ambayo mamlaka yake ndiyo kubwa kuliko zote nchini, ilitangaza mwaka 2023 kwamba nyumba zake zinahitaji dola bilioni 78.3 kwa kipindi cha miaka 20.

Deni hili lina sura ya watu. Kabla ya hapo, Juni 2018, waendesha mashtaka wa serikali kuu waliishitaki mamlaka ya New York kwa kukiuka kanuni za rangi yenye madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto mdogo, na kwa kuwapotosha wakaguzi kuhusu hali ya majengo. Januari 2019 ilikubaliwa mamlaka hiyo iwekewe msimamizi wa nje. Huko Minneapolis, alfajiri ya tarehe 27 Novemba 2019, moto ulizuka katika ghorofa ya 14 ya jengo la umma lenye ghorofa 25 katika mtaa wa Cedar-Riverside, mahali ambapo wapangaji wengi ni watu wenye asili ya Afrika Mashariki, hasa Somalia. Watu watano walikufa. Jengo lilikuwa la mwaka 1969, na ghorofa za makazi hazikuwa na mfumo wa kunyunyiza maji ya kuzimia moto, kwa kuwa sheria ziliutaka katika majengo marefu mapya na kuyaacha ya zamani kama yalivyo. Baada ya msiba huo mamlaka ya Minneapolis ilianza kuuweka mfumo huo katika maghorofa yake. Mambo ya aina hii yana haki ya kutajwa siku ya maadhimisho, kwa heshima na kwa sauti inayosikika, kwa kuwa ni sehemu ya umri wa taasisi sawasawa na siku ya kukata utepe.

Maadhimisho husemwa kwamba yanafanywa pamoja na jamii, na hapo inabidi tuulize ni jamii ipi. Kwenye viti huketi wapangaji wa sasa, viongozi wa mji, makanisa na misikiti ya jirani, na wafadhili. Wapo wasioalikwa ambao bila wao historia ya mamlaka haikamiliki. Wa kwanza ni waliobomolewa ili majengo yapate mahali pa kusimama, kwa maana sheria ya 1937 ilitaka kwa kila nyumba mpya iondolewe nyumba moja mbovu, na waliokuwa ndani ya nyumba mbovu mara nyingi hawakuwa ndio walioingia ndani ya mpya. Wa pili ni waliozuiwa kwa rangi yao. Austin ule ule ulioongoza nchi ulijenga maeneo matatu kwa wakati mmoja: Santa Rita kwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, Rosewood kwa weusi, na Chalmers kwa wazungu. Utengano huo ulipangwa na ofisi ya umma, kwa fedha za umma, katika miji ambayo baadhi yake hapo awali ilikuwa na mitaa iliyochanganyika zaidi.

Chicago ndiyo iliyoacha kumbukumbu nzito kuliko zote katika jambo hili. Robert Taylor, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa mwenyekiti wa mamlaka ya nyumba ya jiji hilo, alijiuzulu mwaka 1950 baada ya madiwani kukataa viwanja katika mitaa ya wazungu. Alifariki mwaka 1957. Mwaka 1962 jiji lilimaliza kujenga mfululizo wa majengo 28, kila moja likiwa na ghorofa 16, ndani ya ukanda wa watu weusi upande wa kusini, likaupa jina lake. Yaani jina la mtu aliyejiuzulu kwa kupinga kurundikwa kwa watu weusi mahali pamoja liliwekwa juu ya mrundikano mkubwa kuliko wote. Mwaka 1966 mpangaji Dorothy Gautreaux na wenzake walifungua kesi dhidi ya mamlaka hiyo. Mahakama ilikubali mwaka 1969 kwamba viwanja na wapangaji vilichaguliwa kwa misingi ya rangi, na mwaka 1976 Mahakama Kuu ya nchi iliruhusu tiba ivuke mipaka ya jiji na kufika katika miji ya pembezoni. Gautreaux mwenyewe alikuwa ameshafariki. Ninaamini kwamba mamlaka yoyote iliyoshiriki katika utengano huo, kwa amri ya sheria au kwa hiari yake, inapaswa kulisema jambo hilo katika hotuba kuu ya siku yake, na isiliache kwa mwanahistoria wa kuandika pembeni.

Kulikuwa na njia nyingine hata wakati ule. Mamlaka ya Seattle, iliyoanzishwa mwaka 1939 chini ya mkurugenzi wake wa kwanza Jesse Epstein, ilifungua Yesler Terrace mwaka 1941 na kuwapangisha watu wa rangi zote katika majengo yaleyale, jambo ambalo nyumba za umma za Marekani hazikuwa zimelizoea. Miongo mingi baadaye Yesler Terrace ilipokea familia nyingi kutoka Afrika Mashariki, na mji ulipoamua kuijenga upya kwa kuchanganya nyumba za umma na za biashara, mamlaka iliahidi kurudisha nyumba zote 561 zilizokuwapo. Ahadi ya namba ni jambo ambalo mpangaji anaweza kulishika na kulidai. Ninaitaja kwa sababu ahadi za namna hiyo zimekuwa chache.

Kwa miaka mingi sheria ilidai kwamba kila nyumba ya umma inayobomolewa ijengwe nyingine badala yake. Sharti hilo lilisimamishwa mwaka 1995 na kufutwa kabisa mwaka 1998. Katika kipindi hicho ulikuwapo mpango wa HOPE VI, ulioanza miaka ya mwanzo ya 1990 kwa nia ya kuondoa maeneo yaliyoharibika vibaya. Ulibomoa takribani nyumba 98,000 na kujenga za umma pungufu zaidi ya hizo, nyingine zikiwa za watu wa kipato cha juu. Mitaa iliyojengwa ilipendeza, na katika baadhi ya miji uhalifu ulipungua. Hata hivyo wengi wa waliohamishwa hawakurudi. Walipewa vocha za kupanga kwa watu binafsi, wakatawanyika, na mamlaka nyingi hazikufuatilia vizuri walikoishia. Nchi iliyokuwa na nyumba za umma milioni 1.4 katika miaka ya 1990 sasa haifikishi milioni moja. Nao wanaosubiri wameendelea kusubiri: katika familia nne zenye sifa ya kupata msaada wa makazi wa serikali kuu, takribani moja tu ndiyo huupata, na katika miji mingi orodha ya kusubiri hufungwa kwa miaka mfululizo. Aliye kwenye orodha hiyo kwa miaka kumi ni mwanajamii wa mamlaka kwa kipimo chochote cha haki, hata kama hajawahi kukanyaga ofisini kwake zaidi ya siku ya kujaza fomu.

Wapangaji waliopo wana nyenzo za kisheria ambazo wengi hawazijui. Sheria ya 1998 inataka bodi ya mamlaka, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa, iwe na angalau mjumbe mmoja anayeishi kwa msaada wa mamlaka hiyo. Mpango wa mwaka wa mamlaka unatakiwa kupitia kwa bodi ya ushauri ya wakazi, kutangazwa siku 45 kabla, na kusikilizwa hadharani. Kanuni zinatenga dola 25 kwa kila nyumba inayokaliwa kwa mwaka kwa ajili ya ushiriki wa wapangaji, na sehemu kubwa ya hizo ni ya baraza la wapangaji lililochaguliwa. Katika mamlaka yenye nyumba 800 hizo ni dola 20,000. Si fedha nyingi, lakini zinatosha kumlipa fundi wa kujitegemea akague boila na paa, na kumlipa mtu anayeelewa hesabu awasomee wapangaji bajeti. Mara nyingi fedha hizi huishia kwenye tafrija na safari za siku moja, na taarifa ya siku 45 hubandikwa mahali ambapo hakuna anayepita. Huko Boston, wapangaji wa Bromley-Heath walionyesha kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba wanaweza kwenda mbali zaidi na kuliendesha eneo lao kupitia shirika lao wenyewe, miongoni mwa ya kwanza ya aina hiyo nchini.

Hapa ndipo maadhimisho yanaweza kuwa na kazi. Mwaka wa jubilii ni mwaka ambao meya, wabunge, magazeti na wafadhili wanaitazama mamlaka kwa macho ya wema, na nafasi hiyo haiji mara nyingi. Laiti kila jengo lingetundikiwa ukutani, kando ya picha za mwaka 1940, taarifa ya mwaka ambao paa lake lilibadilishwa mara ya mwisho, mabomba yake ni ya lini, maombi ya matengenezo yaliyofunguliwa mwaka jana ni mangapi na yalikaa siku ngapi kabla ya kufungwa, kila mgeni angeelewa mara moja kazi halisi ya taasisi hii. Wapangaji wa muda mrefu wangeweza kuisahihisha taarifa hiyo, maana wao wanakumbuka baridi ya mwaka gani boila lilizimika na fundi gani alilitengeneza kwa uangalifu. Mafundi nao wangepata heshima ambayo huwaendea wakurugenzi peke yao. Sijui kazi katika mamlaka ya nyumba inayostahili tuzo zaidi ya ile ya fundi aliyelihudumia jengo moja kwa miaka 20 kwa vipuri visivyotosha.

Chicago imeonyesha kwamba kumbukumbu ya aina hii inaweza kujengwa na wapangaji. Aprili 2025 ilifunguliwa huko makumbusho ya taifa ya nyumba za umma, ndani ya jengo la mwisho lililosalia la Jane Addams Homes, lililojengwa mwaka 1938. Wazo lilitoka kwa waliowahi kuishi katika nyumba za umma, ambao walilipigania kwa miaka mingi wakati majengo mengine yote ya eneo hilo yakibomolewa. Vitu vya nyumbani vya familia za kawaida vimewekwa humo kama ushahidi wa maisha, na habari za utengano wa rangi hazikufichwa.

Wapo watakaosema kwamba siku ya sherehe haifai kufanywa siku ya ukaguzi, kwamba watumishi waliochoka wanahitaji kutiwa moyo, na kwamba kuyaanika mapungufu ni kuwapa silaha wale wanaotaka nyumba za umma zifutwe kabisa. Hoja ya mwisho ni nzito na siichukulii kwa wepesi, kwani kila ripoti ya lifti mbovu imewahi kutumiwa na mtu fulani bungeni kudai bajeti ipunguzwe. Lakini miongo ya kuficha haikuzilinda nyumba hizo. Pruitt-Igoe ilibomolewa bila umma kuonyeshwa daftari la fedha, na maelezo ya uongo yakajaza nafasi iliyoachwa wazi. Mamlaka inayotaja kiasi ilichohitaji, kiasi ilichopewa na kilichofanyika kwa tofauti hiyo, inamweka mwenye kupanga bajeti mahali pake katika historia, na inawapa wapangaji hoja ya kwenda nayo kwa mbunge wao.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Tangu mwaka 2012, chini ya mpango unaojulikana kwa kifupi kama RAD, mamlaka nyingi zimekuwa zikiziondoa nyumba zao katika mfumo wa 1937 na kuziingiza katika mikataba ya ruzuku ya muda mrefu, ambayo inaruhusu kukopa benki na kuvutia wawekezaji kupitia nafuu ya kodi ya mapato. Bunge lilianza kwa kuruhusu nyumba 60,000, na baadaye kikomo kikapanda hadi 455,000. Kwa majengo mengi fedha za paa na mabomba zimepatikana kwa njia hiyo baada ya miaka ya kungoja, na haki kadhaa za wapangaji zimelindwa katika sheria. Hata hivyo umiliki na usimamizi hubadilika, na mahali pengine kampuni binafsi ndiyo inayoshika simu ya matengenezo. Mamlaka inayosherehekea miaka 85 inapaswa kuwaeleza wapangaji, kwa lugha iliyo wazi na kabla ya kusaini, ni nani atakuwa mwenye nyumba wao itakapofika miaka 100, na mkataba ukiisha nini kitafuata.

Liko swali la mwisho, nalo linahusu kujenga. Marekebisho ya mwaka 1998 yenye jina la Seneta Lauch Faircloth wa North Carolina yalizizuia mamlaka kutumia fedha za serikali kuu kuongeza nyumba za umma kupita idadi zilizokuwa nazo tarehe 1 Oktoba 1999. Ni kifungu kinachostahili kufutwa. Lakini kwa sababu nyumba nyingi zimebomolewa au kuhamishwa tangu wakati huo, mamlaka nyingi sasa ziko chini ya kikomo chao, na kwa nchi nzima nafasi hiyo iliyo wazi ni zaidi ya nyumba 200,000 ambazo sheria ya sasa inaruhusu zijengwe. Wizara huchapisha idadi ya kila mamlaka, kwa hiyo mpangaji, diwani au mwandishi wa habari anaweza kuitafuta na kuilinganisha na nyumba zilizopo. Mamlaka inayoialika jamii kwenye jubilii yake itangaze siku hiyohiyo tofauti hiyo ni nyumba ngapi, viwanja vyake viko mitaa gani, na fedha za kuzitengeneza kwa miaka 30 ya kwanza zitatoka mfuko upi.